Sabato Hakamuliwi na Mtu Asiyejijua

Juzi hapo soko ya Kebirigo nimeingiza pua yote kwa kibuyu cha mtu. Kijana aliyekuwa anakiuza akaniambia, "Mama, hicho ni cha kupamba nyumba, si cha kunusa." Nikamwambia nyamaza kwanza, mimi niko mbali sana, usinirudishe. Maana ndani ya hicho kibuyu, chini kabisa, kulikuwa na ile harufu ya moshi na maziwa lala ambayo nyinyi wenzangu mliozaliwa mzungu akifunga mizigo yake mnaijua bila kuelezwa. Nikavuta pumzi kama mtu anataka kuingia chini ya maji. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akasema huyu mama ameshikwa na kifafa akiwa amesimama. Na mimi hata sikuwa sokoni. Nilikuwa Manga, mtoto mdogo, nimejificha nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, nasikiza akiongea na ng'ombe.

Kama hujawahi kufika Manga, kule mlima umesimama kama mtu aliyekasirika. Ukilima unaweka mguu mmoja kwa shamba lako na mwingine unaukabidhi Mungu. Kuku wetu alikuwa akitaga, yai linabiringika mpaka mtoni, na likifika huko limeshaangua njiani, kifaranga kinapanda mlima chenyewe kurudi kutafuta mama yake. Ukibisha mimi nitafanya nini? Nilikuwa huko, wewe hukuwa.

Baba yangu alikuwa Kericho, anachuma majani chai ya watu. Mama alikuwa na shamba, na mimi nilikuwa na mtoto. Wacha kushangaa. Wasichana wa rika langu mnajua: ukiacha tu kubebwa mgongoni, unafungiwa wako wa kubeba. Huyo wangu alikuwa ndugu yangu mdogo, Ongeri, mzito kama jiwe la kusaga wimbi. Nilimbeba mpaka nikawa na umbo la herufi, na hizo herufi zenyewe sikuzijua, kwa sababu shule niliiona kwa nje tu, nikipita na Ongeri mgongoni. Ndani waliimba hesabu. Na mimi nje niliimba, lakini hesabu yangu ilikuwa ya nzi waliokaa kwa pua ya Ongeri.

Halafu kulikuwa na nyanya, mama ya baba. Magokoro, kama tunavyosema kwetu. Mwanamke mfupi, mweusi ti, miguu imepinda kama upinde, na mdomo! Kwetu mama na baba ni watu wa kuheshimiwa mpaka unaogopa kuwaangalia machoni. Lakini nyanya ndiye wa kutaniana naye. Yeye aliniita mke mwenza, kwa sababu babu, kabla hajafa, alikuwa akisema mimi ndiye bibi yake mdogo. Basi tulitukanana kama wake wenza kweli.

"Mke mwenza," ananiita asubuhi, "hizo miguu umeosha ama umezipaka tope ndio zisipate baridi?"

"Nyanya, wewe nyamaza, meno yako yote yalikuhama, hata ulimi unafunga mizigo."

Anacheka mpaka anashika ukuta. Kama ningemwambia mama hivyo, saa hii hamngekuwa mnasikia haya.

Sasa ng'ombe. Ng'ombe yetu aliitwa Sabato, kwa sababu alizaliwa Jumamosi watu wakiwa kanisani, na nyumba yetu ni ya Wasabato mpaka kwa paa. Hilo jina lilituletea shida. Siku moja pasta alipita njiani akasikia nyanya anapiga kelele, "Huyu Sabato nitamchapa mpaka anijue!" Pasta akaingia boma mbio, Biblia mkononi, akidhani nyanya amerudi nyuma kwa dini. Alipoelezwa, alicheka, lakini naona hakufurahi sana.

Sabato alikuwa wa kienyeji, mweusi mwenye tumbo jeupe, nundu imelala upande. Maziwa yake hayakuwa mengi, lakini yalikuwa mazito, ukimwaga chini unaweza kuyaokota. Na alikuwa na tabia moja. Hakamuliwi na mtu yeyote ila nyanya. Mama akikaribia, Sabato anabana maziwa, kiwele kinabaki kigumu kama mpira. Jirani yetu, Mama Gesare, aliwahi kujaribu, akapigwa teke akaanza kuongea Kijaluo, na Kijaluo hakuwahi kujifunza.

Lakini nyanya alikuwa na njia yake, na hiyo njia ndiyo nimekuja kuwaambia. Asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, mvua ama jua, alifunga Sabato, akaacha ndama anyonye kidogo ili mama yake alegeze maziwa, kisha akavuta ndama kando na kumfunga pale mbele mama yake anaweza kumlamba. Akanawa mikono kwa maji ya moto. Akakaa kwa kigoda chake. Na hapo, kabla ya kugusa kitu chochote, akanyamaza, halafu akajiuliza kwa sauti:

"Sasa wewe, leo unabeba nini?"

Anangoja. Anangoja kama mtu amebisha mlango na anasikia wenyewe wanavaa nguo ndani. Kisha anajijibu.

"Nabeba goti. Nabeba hasira ya huyo mama jirani aliyeacha mbuzi wake wakala maharagwe yangu, halafu akaniamkia akicheka. Nabeba wivu kidogo, kwa sababu yule wa ng'ambo ya bonde ameezeka mabati. Ee. Na nabeba kiburi, kwa sababu jana kanisani niliimba kuliko wote na nilijisikia."

Basi. Haombi msamaha, halii, hajipigi kifua. Anavitaja tu, kimoja kimoja, kama mtu anayepokea wageni na kuwaonyesha pa kukaa. Halafu anashika chuchu, na maziwa yanakuja yakiimba ndani ya kibuyu.

Mimi nilikuwa nasikiza hayo yote nyuma ya ukuta na Ongeri mgongoni, na akili yangu ya mtoto ikatafsiri mambo yake. Nilikuwa nasikia sauti ya nyanya ikiuliza, lakini sauti ya kujibu ilikuwa inatoka chini chini, kichwa chake kimelala kwa tumbo la ng'ombe. Nikaamini anayejibu ni Sabato. Nikaamini hii ng'ombe inampa nyanya habari za boma! Na ushahidi ulikuwepo: nikifanya kosa mchana, jioni nyanya anajua. Nikilamba sukari, anajua. Nikimfinya Ongeri alale haraka, anajua. Nani mwingine angemwambia, kama si huyo mpelelezi mwenye pembe?

Nikaanza kumhonga. Kila siku namletea majani ya viazi, yale laini ya juu, mpaka shamba la viazi likawa na upara. Nikampelekea chumvi kwa kiganja. Namwambia sikioni, "Sabato, mimi na wewe hatujaonana leo, sawa?" Ananiangalia na yale macho makubwa yasiyosema ndiyo wala la.

Nyanya alinishika siku moja kiganja kikiwa ndani ya mdomo wa ng'ombe.

"Mke mwenza, unafanya nini?"

"Namsalimia."

"Na chumvi yangu?"

Nikaona hakuna pa kukimbilia, kwanza Ongeri angenichelewesha. Nikamwambia ukweli, kwamba najua Sabato anamwambia kila kitu. Nyanya alicheka, watu wangu! Alicheka mpaka akakaa chini kwa mavi ya ng'ombe na hakujali. Mama Gesare alitoka kwake mbio akidhani kuna msiba, kwa sababu kicheko cha nyanya kikivuka bonde kinafika kama kilio.

Alipopata pumzi akaniambia, "Sukari naijua kwa sababu imebaki kwa kidevu chako, mjinga wewe. Huyu ng'ombe haniambii kitu. Mimi ndiye najiambia."

"Sasa mbona unajiambia na wewe mwenyewe unajua?"

Hapo hakucheka. Akasema, "Ungeshangaa vile mtu hajui."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya uzee.

Wakati huo huo, au baadaye kidogo, mama akaanza kukohoa. Akakohoa mvua yote. Mara akashindwa kushika jembe, akawa anakaa juani na blanketi, midomo imekauka. Wanaume wa jirani wakafunga machela ya miti na magunia, wakamshusha mlima mpaka barabarani, lori moja ikampeleka hospitali Kisii mjini. Wakasema mtoto asiende naye, atashikwa na ugonjwa. Kwa hivyo Ongeri akaachishwa ziwa siku hiyo hiyo, bila mtu kumuuliza.

Na boma lote likanyamaza kuhusu mama. Nyanya hakumtaja. Majirani wakija wanaongea juu ya mahindi. Jina la mama likawa kama shimo katikati ya nyumba ambalo kila mtu analizunguka na hakuna anayelitazama. Na mimi nikawa mchekeshaji. Ndiyo nilianza hapo, kazi hii ya domo mnayoniona nayo. Niliiga pasta, niliiga kuku, niliiga vile Mama Gesare alitembea baada ya lile teke. Watu wakicheka nilisikia raha, na wakinyamaza nilitafuta kingine haraka sana, kama mtu anayerusha kuni kwa moto asije akaona giza.

Ongeri sasa alikuwa anaishi kwa maziwa ya Sabato. Nyanya anachemsha, anachanganya na uji mwepesi wa wimbi, mtoto anameza huku anatuangalia kama watu waliomkosea. Uji mtupu alitema. Tulijaribu.

Halafu nyanya akaanguka. Alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani baada ya mvua, ile njia ya Manga ikamwambia leo ni wewe. Mzee wa kuunga mifupa akaja, akamfunga mkono wa kulia na vijiti na kamba za mgomba, akamwambia usishike hata kijiko.

Jioni hiyo Ongeri alilia njaa. Sauti yake ilifika Ogembo, nimeambiwa huko watu walifunga maduka. Mama Gesare akaja, mtu mwema licha ya mbuzi wake, akasema ng'ombe wake mwenyewe ana mimba na amekauka, lakini atajaribu Sabato tena kwa jina la Yesu. Alijaribu. Sabato akamrushia kibuyu kikaangukia huko chini kwa migomba.

"Hii si ng'ombe, ni askari wa mkoloni!" akapiga kelele. "Muuze! Mchinje!"

Nyanya alikaa hapo kwa kigoda, mkono umefungwa kifuani. Akaniangalia.

"Mke mwenza. Ni wewe umebaki."

"Mimi? Nyanya, hiyo teke ikinipata nitaangukia Kericho."

"Utamsalimia baba yako. Nawa mikono."

Nikampa Mama Gesare mtoto. Mgongo wangu ukawa baridi, maana haukuwa umezoea kuwa peke yake. Nikakaa. Nikakumbuka lazima niseme yale maneno. "Leo unabeba nini," nikajiuliza, na nikajibu kama mtoto wa Sabato skuli kanisani: nimelamba sukari, nimemfinya Ongeri, nimemwita kuku wa jirani malaya, nimesinzia wakati wa maombi. Nilimwaga dhambi zangu zote, zikaisha, nikakopa za watu wengine. Nikashika chuchu. Hakuna. Nikavuta. Sabato akainua mguu, akanionyesha tu, vile mtu anakuonyesha fimbo.

"Nani amekwambia uungame?" nyanya akasema. "Huyo ni ng'ombe, si pasta. Dhambi zako anazipeleka wapi? Nimekwambia uangalie unabeba nini."

"Sibebi kitu!"

"Mikono yako inatetemeka."

Nikaiangalia. Kweli, ilikuwa inatetemeka, na mimi sikuwa na habari. Nikasema ni baridi. Nikafanya utani wangu, nikasema labda Sabato anataka kuoleka kwanza ndio atoe maziwa. Mama Gesare akacheka. Nyanya hakucheka, na huyo alikuwa mtu wa kucheka hata mazishini.

Usiku Ongeri alilala kwa maji ya sukari na uchovu. Asubuhi alikuwa halii tena, na hiyo ndiyo ilitutisha. Alikuwa amelegea mgongoni kwa nyanya, pale nilipomfungia kwa leso, kama nguo iliyoloa, macho yamefunguka nusu.

Nikaenda kwa Sabato kabla hata umande haujatoka. Nikamfunga, nikaacha ndama anyonye, nikamvuta, nikanawa. Nikalaza kichwa kwa tumbo la ng'ombe vile nyanya alikuwa anafanya. Ndani kulikuwa na mngurumo, na joto, na ile harufu. Nikauliza. Na safari hii nikangoja.

Kwanza akaja utani. Alikuja mbio, kama kawaida yake, akisukuma wengine mlangoni. Nikamwambia nimekuona, kaa hapo. Nyuma yake ikaja hasira: kwa Ongeri, kwa shule niliyoiona kwa nje, kwa baba huko Kericho. Nikaiambia nawe kaa. Nikadhani wameisha. Lakini kulikuwa na mwingine nyuma kabisa, hajabisha, amesimama tu gizani, na nilimjua kabla hajasema jina. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Nabeba mama. Naogopa amekufa na nyinyi mnanificha. Ninacheka kila siku kwa sababu nikinyamaza nitamsikia akikohoa."

Wenzangu, nimeishi miaka mingi na nimedanganya watu wengi kwa kujifurahisha, lakini hapa siongezi chumvi. Sikujua. Mpaka hayo maneno yalipotoka mdomoni, mimi mwenyewe sikujua yamo. Nikalia kwa tumbo la Sabato, kamasi na machozi, na hakusogea. Na mikono yangu, iliyokuwa migumu kama makucha ya kuku, ikalegea. Nikashika. Maziwa yakaja. Yakaja kidogo, halafu yakaja mengi, yakigonga kibuyu tii, tii, kisha yakanyamaza kwa povu.

Nilipogeuka nyanya alikuwa amesimama nyuma yangu na Ongeri mgongoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Uso wake ulikuwa umekunjamana wote.

"Mke mwenza," akasema polepole, "kila siku nimekaa hapo. Nimetaja goti, nimetaja mbuzi, nimetaja mabati ya watu. Huyo hata mara moja sikumtaja. Nilimpita mlangoni nikijifanya sijamuona."

Mnaelewa aliyeniambia hivyo ni nani? Ni mtu mzima, mwenye wajukuu, hajui a wala be, ananiambia mtoto wa kamasi kwamba nimeona alichokikosa. Mimi nimekutana na watu wakubwa tangu hapo, wenye magari na tai. Sijamuona hata mmoja mwenye kifua kipana hivyo. Mpaka leo nikiamka, kabla sijawasha moto, nakaa kwa kiti najiuliza lile swali, na ng'ombe sina. Wajukuu wangu wanasema nyanya ameanza kuongea peke yake. Wacha waseme, nitawaamkia nikiwa najua mimi ni nani asubuhi hiyo.

Ongeri alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akateuka, akanipiga kofi la uso. Nikajua amepona.

"Haya," nyanya akasema, "kitu ukikijua jina unaweza kukifuata. Jaza kibuyu. Tunaenda Kisii."

"Leo?"

"Unataka tungoje mkono upone ndio niutumie kutembea?"

Tukashuka mlima, mimi na Ongeri mgongoni, nyanya na kibuyu kwa mkono mzuri. Tulitembea mpaka nyayo zangu zikawa nyembamba unaweza kusoma gazeti kwa upande wa pili. Njiani hatukutaniana. Kila mmoja alikuwa na mgeni wake na tulikuwa tunatembea nao wazi wazi, wanne barabarani, ukiacha Ongeri. Kwenye mlango wa hospitali nyanya alisimama akavuta hewa, na mkono wake mzuri ukashika wangu pamoja na kibuyu chote.

Mama alikuwa kitanda cha karibu na dirisha. Mwembamba, macho makubwa, amekaa. Amekaa! Nesi akatukataza kumpa Ongeri, kwa hivyo nikageuka tu ili amuone mgongoni mwangu. Mama akaweka mkono kwa mdomo, akamuangalia mtoto kuanzia kisogo mpaka kisigino.

"Amenona," akasema. "Nani anakamua, na mama mkwe mkono ndio huo umefungwa?"

"Ni huyu mke mwenza wangu," nyanya akasema.

Mama akaniangalia machoni. Mnajua vile ilikuwa vigumu, mama kumwangalia mtoto wake hivyo, na mtoto kuvumilia. Akaniuliza, "Sabato alikukubali? Na nyanya aliumia vipi?"

Utani ukaja mbio, vile ninavyoujua. Lakini nikaushika mkono kwanza. Nikachungulia ndani, nyuma yake, kule kwenye giza alikokuwa amesimama yule mwingine. Hakukuwa na mtu. Utani ulikuwa umekuja peke yake, mikono mitupu, ukitaka kucheza tu. Basi nikauachilia.

"Aliangukia njia ya mtoni, mama. Na mkungu wa ndizi kichwani. Mfupa ulivunjika, lakini ndizi hata moja haikuumia, kwa hivyo kanisani tulitoa shukrani."

"Shetani huyu!" nyanya akapiga kelele.

Na mama akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, wagonjwa wa wodi nzima wakageuka, Ongeri akaanza kupiga makofi mgongoni mwangu bila kujua kwa nini, na nesi akaja na ufagio akatufukuza nje kama kuku.